Seti ya kuotesha seli za Schwann kutoka seli shina: nusu ya kwanza safi sana, nusu ya pili inabidi tuongee

Jina la kampuni silitaji, msinisumbue inboksi, na wala haina haja maana seti za aina hii zinafanana: boksi la midia (maji ya chakula cha seli), vichupa vya viongeza vilivyogandishwa, kijitabu, na picha nzuri ya seli nyembamba ndefu zimejipanga upande mmoja. Kazi yake ni kuchukua seli shina za binadamu, zile za iPS zinazotengenezwa kwa kurudisha nyuma seli za kawaida, na kuzisukuma hatua kwa hatua mpaka ziwe seli za Schwann, yaani seli zinazoilea neva nje ya ubongo na uti wa mgongo. Mi naitumia kwenye utafiti wa neva na misuli, mayelini, lile ganda la mafuta linalozunguka uzi wa neva, kwangu ni habari ya pembeni, kwa hiyo someni rivyu hii mkijua hivyo. Jibu la haraka: kama una seli shina zenye afya na unajua kupima unachokipata, nunua. Kama unategemea boksi ndo likwambie umepata nini, acha kwanza.

Kwa ambao hii siyo fani yao tueleweshane kidogo. Neva ya mkono au mguu ina nyuzi, zinaitwa aksoni, na kila uzi una seli za Schwann zimeukumbatia toka juu mpaka chini. Theodor Schwann alizieleza mwaka 1839 na jina likabaki lake. Kuna zinazouzungushia uzi mayelini ili ishara ikimbie, kuna zinazoshika nyuzi nyembamba kadhaa kwa pamoja bila mayelini, halafu kuna zilizokaa mwisho kabisa pale neva inapokutana na msuli, hizo ndo watu wengi wanazisahau na ndo mi nazitafuta. Neva ikikatika, seli hizi zinabadilika tabia, zinasafisha mabaki ya mayelini na kuitengenezea aksoni njia ya kukua tena, ambayo kwa binadamu ni kama milimita 1 kwa siku, taratibu mno. Zenyewe zikiwa na hitilafu ndo unakutana na magonjwa kama Charcot-Marie-Tooth, ugonjwa wa kurithi wa neva za miguu na mikono, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi, 1A, inatokana na kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni ya PMP22 kujirudia, mtu anakuwa na nakala 3 badala ya 2. Jeni yenyewe haina kasoro yoyote, imezidi tu idadi, na hiyo inatosha kumdhoofisha mtu miguu na mikono.

Sasa mtu atauliza kwa nini tusizitoe tu kwenye neva ya mtu. Zinatolewa, kawaida kwenye neva ya surali ile inayopita nyuma ya mguu chini, lakini nani atakubali kila mara ukate neva yake ili ufanye jaribio, na hata ukiipata, fibroblasti, seli za tishu unganishi zinazotoka humo humo, zinakua haraka kuliko seli za Schwann, ukizubaa kidogo sahani nzima ni fibroblasti. Na hata zikiwa safi zinachoka, hazigawanyiki milele. Za panya ni rahisi zaidi ila haziitikii vichocheo sawasawa na za binadamu, kwa hiyo kilichofanya kazi kwa panya unaweza ukakileta huku kikagoma kabisa. Ndo maana tangu Shinya Yamanaka na wenzake walipoonyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi ya kawaida inaweza kurudishwa kuwa seli shina kwa jeni 4 tu, watu wa neva tulifurahi kuliko wengine. Unachukua ngozi au damu ya mgonjwa mwenyewe, unapata seli shina zenye jeni zake, halafu unazikuza mpaka ziwe seli ile ile inayomuumiza. Yamanaka alipata Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon, na kwa kweli walistahili.

Haya, turudi kwenye boksi. Hatua ya kwanza ni kuzipeleka seli shina mpaka kresti ya neva, kile kikundi cha seli ambacho kwenye kiinitete kinachomoka juu ya mrija wa neva na kusambaa mwilini, kinazaa seli za Schwann, seli za rangi ya ngozi, neva za hisia, mpaka mifupa ya uso. Ukiotesha kwa mkono bila seti utatumia dawa mbili maarufu, SB431542 inayofunga njia ya TGF-beta na CHIR99021 inayofungua njia ya Wnt (hizo ni njia za ishara ndani ya seli), na hapo kwenye CHIR ndo kuna uchawi wote maana ukiweka kidogo seli zinaelekea kuwa za ubongo, ukizidisha zinakufa au zinaenda kwingine kabisa, na kila laini ya seli shina, yaani ukoo wa seli kutoka mtu mmoja, ina kipimo chake. Wenye seti hawasemi wameweka nini, ni siri ya biashara, ila walichokiweka kimepimwa vizuri, hilo nawapa. Nimejaribu laini tofauti, za wagonjwa na za watu wenye afya, na zote zimefika. Ukiangalia kwenye maikroskopu unaona pembeni ya koloni seli zinaanza kuachana na wenzake, zinakuwa na ncha, zinatambaa kuelekea sehemu tupu ya sahani, na ukizipaka rangi, p75 na HNK1, ambazo ni alama za seli za kresti, zinawaka pamoja. Wengine wanapima p75 peke yake wanasema tayari, hapana jamani, p75 iko kwenye seli nyingi, zitafuteni zote mbili kwenye seli moja na alama nyingine, SOX10, juu yake.

Kijitabu kinasema seti inafaa laini yoyote ya iPS na hapo wangeongeza sentensi moja tu: yoyote iliyo na afya. Seli shina zikija na koloni zenye kingo zilizochakaa, zimeshaanza kujigeuza zenyewe katikati, hakuna viongeza vitakavyoziokoa. Pimeni maikoplazma, bakteria wadogo mno, kabla, maana haionekani kwa macho na haichafui midia kama bakteria wa kawaida, unakaa nayo miezi ukidhani ni hali ya seli. Pimeni na kromosomu pia, hasa kile kipande cha 20q11.21 ambacho seli shina zikikaa sana kwenye sahani hupenda kukiongeza, zinakuwa ngumu kufa, zinakua haraka, zinapendeza mno machoni, kumbe zimeshaharibika. Laini inayokua haraka kuliko zote maabarani mi naitilia mashaka kwanza.

Hatua ya pili ni kutoka kresti kwenda seli tangulizi za Schwann, hapa nyuregulini, protini inayoziamsha seli hizi, ndo mama wa kila kitu pamoja na dawa ya foskolini, na kwenye seti imeenda vizuri pia. Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba hapo katikati unaweza kusimama. Seli tangulizi zinagawanyika vizuri na zinagandishika vizuri, unaweka benki yako kwenye naitrojeni ya maji, siku ya jaribio unayeyusha kichupa, unaweka kizuizi cha ROCK, dawa inayozuia seli zisife baada ya kuyeyushwa, usiku wa kwanza, asubuhi zimeshika sahani na zimenyooka. Hii peke yake inarudisha gharama ya seti, maana huanzi kila jaribio toka seli shina, na majaribio yako yote ya mfululizo yanatoka kwenye bechi moja ya seli. Kwenye kijitabu wameliandika chini kabisa kwa herufi ndogo kama jambo la ziada, wakati mi ningeliweka ukurasa wa kwanza.

Sasa nusu ya pili. Boksi linasema mwisho wa safari utapata seli za Schwann zilizokomaa, na ushahidi wao kwenye kijitabu ni picha ya protini ya S100B inawaka kijani. Ndo hapo nikasema aisee. S100B siyo cheti cha Schwann. Seli za rangi ya ngozi zinayo, seli za gegedu zinayo, na seli za rangi zina SOX10 pia, tena zinatoka kresti hiyo hiyo, na mwilini kabisa sehemu ya seli za rangi inazaliwa kutoka kwenye seli tangulizi za Schwann. Kwa hiyo sahani yako inaweza kuwaka kijani yote huku sehemu yake siyo unachokitaka. Na siyo nadharia, kwenye bechi mojawapo ya seti hii nilipozungusha seli kwenye sentrifuji, zile zilizojikusanya chini ya tyubu badala ya kuwa nyeupe kama maziwa zilikuwa na rangi ya kahawia, na kwenye maikroskopu, bila kupaka kitu chochote, unaziona seli zilizojaa vidoti vyeusi zimetawanyika katikati ya zile nyembamba. Hiyo ni melanini. Niliwaandikia huduma kwa wateja na picha nikaambatanisha, jibu lililokuja lilikuwa ofa ya kununua kingamwili zao za S100B. Hapo ndo mtu anasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa kusema haki mbuzi alikuwemo, ila alikuwa na wenzake.

Ninachofanya sasa ni kupima mchanganyiko: alama za Schwann SOX10, S100B, GAP43, MPZ, halafu nahakikisha hamna alama za seli za rangi na hamna alama za fibroblasti, na OCT4, alama ya seli shina, iwe imezima kabisa maana seli shina zilizobaki zikijificha zitakuja kuota katikati ya jaribio. Kama mna flo saitometa, mashine ya kupima seli moja moja, mtahesabu seli moja moja mjue ni asilimia ngapi, picha za kuchagua sehemu nzuri ya sahani kila mtu anaweza kuzipiga.

Halafu hilo neno zilizokomaa. Seli ya Schwann inayotengeneza mayelini haikomai peke yake kwenye plastiki, inahitaji aksoni ya kuigusa. Aksoni yenyewe ndo inabeba nyuregulini ya aina ya tatu juu ya ngozi yake na kiasi chake kinaiambia seli iweke mayelini nene kiasi gani, hii imeonyeshwa kwa panya vizuri. Ndani ya seli jeni ya EGR2, wengine wanaiita KROX20, lazima iwake, na unahitaji vitamini C kwenye midia ili seli zijenge utando wa nje ndipo zizungushe. Na hata ukiweka vyote hivyo na neva za hisia chini yake, kwa seli za binadamu ni wiki nyingi, na unachopata ni vipande vipande. Mtu anayekwambia ana seli zilizokomaa kwenye sahani isiyo na nyuroni hata moja anakupiga fiksi. Seli zinazotoka kwenye boksi hili ni changa, za hatua ya kati, na hilo siyo tusi, ni umri tu, wangeandika hivyo wangeuza vile vile.

Kwa kazi yangu lakini uchanga huo haunisumbui sana. Pale neva inapokutana na msuli, seli za Schwann za mwisho hazitengenezi mayelini kabisa, zinafunika ncha ya neva na zinasikiliza mazungumzo. Kwenye vyura tangu 1992 ilionyeshwa kwamba neva ikirusha ishara, kalsiamu inapanda ndani ya seli hizi, maana yake zinajua kinachoendelea na haziko pale kama pambo. Na neva ikikatwa zinanyoosha mikono kwenda kutafuta jirani mwenye neva, aksoni inapita juu ya mikono hiyo. Kwa magonjwa ya motonyuroni, zile neva zinazoamrisha msuli, kama ALS na SMA kiungo hiki kinaanza kulegea mapema, sasa ukitengeneza mfano wa neva na msuli peke yake bila hii seli ya tatu umeacha mhusika mmoja nje.

Jaribio langu la kwanza la kukubali bechi ni rahisi: napakia rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda, namwagia ATP kidogo, ile molekuli ya nishati ambayo pia ni ishara kati ya seli, naangalia. Seli za seti hii zinang'aa, wimbi linapita toka moja kwenda nyingine, zingine mara mbili tatu kabla hazijatulia. Zile zenye vidoti vyeusi sizihesabu. Baada ya hapo naziweka pamoja na motonyuroni na misuli, zote kutoka laini moja ya iPS, na hapo tofauti naiona: aksoni zinakaa muda mrefu bila kuvunjika vipande, na vipokezi vya asetilikolini kwenye msuli, ambavyo tunavipaka kwa bungarotoksini ile sumu ya nyoka, vinajikusanya mafungu mafungu chini ya ncha za neva badala ya kusambaa hovyo. Msuli unacheza. Ila msishangilie msuli ukicheza, misuli ya sahani inacheza hata peke yake, wekeni kurare kidogo, sumu inayozuia msuli usisikie amri ya neva, kama ulikuwa unacheza kwa amri ya neva utasimama, kama unaendelea basi ulikuwa unajichezea.

Shida ni kwamba kijitabu kimekaa kimya kabisa kuhusu kuchanganya, wakati nani anakuza seli za kulea neva ili azitazame zenyewe? Kila seli inataka midia yake. Midia ya seti ina foskolini, inapandisha cAMP, kijumbe cha ishara ndani ya seli, kwenye kila seli iliyopo hapo, siyo Schwann tu, na nyuregulini nayo msuli inausemesha. Ukiendelea kuitumia kwenye mchanganyiko hujui tena nani kafanya nini. Mi naitoa taratibu kabla ya kuchanganya, nabadilisha nusu ya midia kila mara mpaka ibaki ya nyuroni, seli za Schwann zinapunguza kugawanyika na hilo ni jema maana vinginevyo zinajaa zinafunika kila kitu. Na misuli ikishapata nguvu inajing'oa kwenye sahani kwa kucheza, unakuta asubuhi imejikunja kama mpira inaelea na nyuroni zako imezichukua, sasa hilo siyo kosa la seti ila wangetuambia basi tuweke jeli juu. Na seli zenyewe siyo zile hasa za mwisho wa neva. Kwa panya seli hizo zinatambulika kwa kuwa na S100B na alama nyingine ya NG2 kwa pamoja, kazi ya 2020 hiyo, na za kwenye boksi kwangu nyingi hazina NG2 mpaka zikae na msuli na neva muda, kwa hiyo usiandike kwenye ripoti yako kwamba ulinunua seli za mwisho wa neva, ulinunua Schwann changa.

Mzigo unafika kwenye barafu kavu na umefungwa vizuri, hilo halina mjadala. Sahani inabidi uipake mwenyewe, wanapendekeza Matrigel, ambayo inatoka kwenye uvimbe wa panya na bechi hadi bechi haifanani, nimehamia laminini, protini ya kupaka sahani, iliyotengenezwa kwa usafi na seli zinakaa vizuri zaidi kwenye hatua ya mwisho, bei ni nyingine lakini. Kinachoudhi kuliko vyote ni usiri wa viungo. Ukitaka kujua kama athari unayoiona inatoka kwenye jeni ya mgonjwa au kwenye kitu fulani ndani ya midia, huwezi kukitoa kwa sababu hujui kama kipo. Kwa utafiti wa ugonjwa lazima uwe na laini ya mgonjwa na laini ile ile iliyorekebishwa jeni kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, uzikuze bega kwa bega kwenye bechi moja ya seti, la sivyo tofauti yako inaweza kuwa ya boksi.

Wenye uwezo wa kupima CHIR yao wenyewe na wana muda, protokoli zilizochapishwa zipo na zinafanya kazi, utachoka mwanzoni ila utajua kila tone. Na wasio na seli shina kabisa kuna vichupa vya Schwann zilizokwishakuzwa, ila hapo unapewa mtu ambaye hukumchagua, kama unatafuta PMP22 utangoja.

Kuna walioniuliza kama hizi zinaweza kupandikizwa kwa mtu aliyeumia. Hapana, imeandikwa kwa utafiti tu na ni hivyo. Majaribio ya Miami ya kuwawekea watu walioumia uti wa mgongo seli za Schwann, yaliyopata ruhusa Marekani mwaka 2012, yalitumia seli zilizotolewa kwenye neva ya mgonjwa mwenyewe, siyo za kutoka iPS.

Nyota tatu na nusu, nne kama wangebadilisha maandishi ya boksi. Na mkiagiza, ombeni kwanza namba ya bechi, jaribuni boksi moja, ikipita kipimo cha ATP na tyubu ikiwa nyeupe chini, waambieni wawawekee akiba ya bechi hiyo hiyo kwa majaribio yote ya mfululizo, huwa wanakubali mradi uulize kabla hawajaimaliza.